Mdomo wa Bomba Ulikuwa Mkavu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua bado hazijaanza, lakini mimi nimeanza daftari. Kila msimu wa mvua naweka la kwangu mwenyewe, mbali na yale ya ofisini, kwa sababu ya ofisini hayaruhusu kusema watu.

Mwaka huu nimepewa kusimamia kipande cha barabara kigumu kuliko vyote, na ukweli ni kwamba nilikiomba. Barabara inateremka kutoka kwenye mkato wa mwamba tulioupasua kwa baruti, kisha mwamba unaisha ghafla na barabara inaendelea juu ya tuta la kifusi tulilolijaza bondeni. Pale viwili hivyo vinapokutana ndipo barabara nyingi hufia. Mwamba haubonyei, kifusi kinabonyea. Halafu kuna maji. Yanajipenyeza kwenye nyufa za mlima, yanatambaa juu ya mwamba chini ya barabara bila mtu kuyaona, na yakifika kwenye maungio yanalainisha kila kitu. Nilipomweleza mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, alisema, "Kama kushona jinzi na hariri. Ikifumuka, itafumukia hapo hapo." Nimeolewa na mtu mwenye akili.

Dereva wa rola kwenye kipande changu ni baba yake. Wenzake wanamwita Pasi, kwa sababu akishapita yeye ardhi inakuwa kama shati la Jumapili. Hii ni barabara yake ya mwisho kabla hajastaafu, na anaishi kwetu tangu mama mkwe alipofariki. Basi kila asubuhi kazini namwambia, "Shikamoo, Baba," ananijibu, "Marahaba, mwanangu," halafu ndiyo nampa kazi ya siku. Wachimba mtaro wanacheka mpaka wanaegemea makoleo. Wacheke tu. Adabu haijawahi kupunguza kasi ya rola.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumefagia jiwe. Watu waliokuwa wanapita juu ya kilima walisimama kutuangalia, watu wazima na mifagio yao, tunafagia mwamba kana kwamba wageni wanakuja.

Sakafu ya mwamba, baruti imeiacha na mabakuli mengi, mengine madogo, mengine unaweza kumwogeshea mtoto. Kila bakuli ni mtego. Ukilijaza udongo litashika maji kama sufuria, na udongo utakuwa uji. Lazima ulichongee mchirizi maji yatoke, kisha ulijaze kokoto safi ambazo maji yanapita katikati yake bila kugombana na mtu. Nimelizungushia kila moja duara la rangi nyekundu, ili hata asiyejua kusoma ajue kwamba hapa pana neno.

Kwenye maungio tumechimba mtaro wa kukinga maji, unaokatiza barabara yote: kitambaa cha kuchuja, kokoto, na ndani yake bomba lenye matundu. Mdomo wa bomba unachungulia nje upande wa bondeni. Mwisho wa mwamba tumeukata ngazi ngazi, ili kifusi kiongezeke unene kidogo kidogo. Kazi ni nzuri. Nimejisifu mwenyewe, maana Bwana Leo hasifu mtu.

Bwana Leo ni meneja wa mradi. Kila kitu anakitaka leo.

Jumapili, 9 Machi

Daktari alimkataza Baba chumvi kwa ajili ya presha. Nililificha kopo juu ya kabati. Amelipata. Nimelihamishia ndani ya ndoo ya mkaa.

Jumanne, 11 Machi

Dada kapiga simu, Mama anapasuliwa jicho kesho. Naondoka jioni hii. Kokoto za mabakuli zimeshamwagwa, rundo kubwa kando ya barabara. Nimemwagiza Kijiko, dereva wa eskaveta, ajaze maduara yote mekundu kwa kokoto, kisha Baba ashindilie. Ni jambo rahisi. Hata Bwana Leo angelielewa.

Jumamosi, 15 Machi

Mama anaona. Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba nimekonda, cha pili ni kwamba viatu vyangu ni vya kiume.

Nimerudi nikakuta kipande kimefungwa. Mwamba umefunikwa, tabaka la juu limeshindiliwa, limenyooka hivi kwamba ukiweka gololi haijui pa kwenda. Rundo la kokoto halipo, nikajua limeingia kwenye mabakuli. Vipimo vya ugumu vimepita. Nikasaini. Bwana Leo alipita na gari, akashusha kioo, akatabasamu. Sikujua kwamba ana meno.

Mezani Baba aliniuliza, "Umeona?"

"Nimeona, Baba. Pasi ni Pasi."

Alifurahi mpaka akaomba chumvi. Nikamnyima, kwa furaha vilevile.

Jumatano, 19 Machi

Manyunyu.

Ijumaa, 21 Machi

Manyunyu. Nguo zimening'inia sebuleni, tunakula tukisogeza mashati ya watu.

Jumatatu, 24 Machi

Sasa ndiyo mvua. Imenyesha tangu juzi, mitaro ya pembeni inanguruma, mlima mzima unachuruzika. Nimevaa koti nikaenda kuangalia mdomo wa bomba langu.

Ni mkavu. Si kwamba linadondosha kidogo. Mkavu kabisa, buibui kafuma humo na wavu wake hauna hata tone.

Kila mtu kanipongeza. Bwana Leo kasema, "Unaona? Barabara yako haina maji." Baba, juu ya rola yake, kainua dole gumba. Nami nimecheka nao, lakini moyo haukucheka. Bomba lile nililiweka litoe maji. Mlima ukilia namna hii halafu bomba likae kimya, basi maji yamepata pa kukaa, na mahali pekee yanapoweza kukaa bila kuonekana ni chini ya barabara yangu.

Nimemwambia mume wangu. Kaniambia nilale. Nimelala, ila kwa ubishi.

Alhamisi, 27 Machi

Lori la kifusi limeshuka kutoka kwenye mkato. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando, shavu karibu na ardhi, wenzangu wanadhani nimepoteza pete. Lori lilipofika hatua chache kabla ya maungio, barabara ilipumua. Ilizama chini ya tairi kidogo tu, ikarudi. Lori likapita. Nikabonyeza kwa kisigino pale ilipopumua, na kisigino kikaacha alama iliyojaa maji taratibu.

Kesho nachimba. Sijamwambia mtu ila Kijiko, maana eskaveta haifichiki.

Ijumaa, 28 Machi

Leo naandika yote, hata mkono ukiuma.

Tulichimba asubuhi mvua ilipopumzika. Kijiko aliondoa tabaka la juu kwa upole, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala. Chini yake nilitarajia kokoto. Nikakuta uji mwekundu. Nikashuka shimoni, mguu ukaingia mpaka juu ya kifundo, na nilipouvuta kiatu kilibaki. Nikaendelea kuchota kwa mikono mpaka vidole vikagusa mwamba, na kwenye mwamba nikaona duara langu la rangi. Bakuli limejazwa udongo. Na mchirizi wake wa kutokea umezibwa kwa udongo huo huo, umelainishwa vizuri kwa mkono wa mtu.

Nilimwangalia Kijiko. Kijiko akaangalia usukani wake.

"Mimi sikuwepo," alisema. "Ulivyoondoka tu, walinihamishia kwenye kalavati kule mbele. Kokoto nazo zikahamishwa."

"Basi nani kajaza?"

Akageuza macho kuelekea kwenye rola. Rola ilikuwa imezimwa. Baba alikuwa anakuja, anatembea polepole kwenye tope, kofia mkononi.

"Ni mimi, mwanangu."

Akaniambia mwenyewe, sikumbana. Nilipokuwa kwa Mama, Bwana Leo alikuja akasema akirudi mwisho wa wiki akute pamefungwa, la sivyo kipande apewe mtu anayekaa kazini. Kokoto hakuna, Kijiko hayupo. "Nikasema, mwanangu yuko hospitali na mama yake, halafu huku wamnyang'anye kazi yake? Nikiwepo mimi? Nikachukua udongo bora kuliko wote. Niliuchekecha, hata kijiwe kimoja hakikupita. Kila bakuli nimelijaza kwa mkono wangu."

Niliona picha yake akichekecha udongo juani, mzee wa presha, kwa ajili yangu. Nilitaka kukasirika nikashindwa, halafu nikakasirika kwa sababu nimeshindwa. Udongo alioutafuta kwa mapenzi yote ndio unaoshika maji kuliko mwingine wowote. Angekuwa mvivu akatupia mawe yoyote yaliyokuwa karibu, tungekuwa salama. Na mimi, msimamizi mwenye mdomo, nilisaini nikiwa nimekagua rundo ambalo halipo.

"Baba, inabidi nipafungue. Mkato wote, mpaka kwenye maungio."

"Wote?" Akasogea karibu, akashusha sauti. "Fungua hapa tu palipolowa, mwanangu. Tutie mawe, mimi nipapige pasi, yaishe. Nani atajua?"

"Lori la kwanza lenye mzigo litajua. Watu wanashuka hapa kwa kasi, Baba. Pakizama, wanakwenda bondeni."

"Nimebakiza miezi mitatu tu. Utanifukua mbele ya watu?"

"Barabara haifukuliwi kwa siri."

Alivaa kofia yake. Akasema, "Haya, bosi," na hajawahi kuniita hivyo. Neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

Bwana Leo alifika kabla ya adhuhuri. Akauliza nani kafanya upuuzi huu. Nikasema kipande ni changu na saini ni yangu, na kwamba mtu akihamisha kokoto zangu na eskaveta yangu kisha akadai kazi iishe, asishangae ikiisha hivi. Uso ulimwiva. Nilikuwa bado na maneno, lakini Baba alipita mbele yangu akasema, "Ni mimi niliyejaza." Bwana Leo akamwambia ashuke kwenye rola, akakae getini mpaka atakapoamua. Mimi kanipa wiki moja, si siku zaidi, kwani mafundi wa tabaka la kokoto wameshaitwa.

Nilimwangalia Baba akienda getini. Hakugeuka.

Jumamosi, 29 Machi

Mezani leo Baba kamwambia mume wangu, aliyekaa katikati yetu, "Mwambie mkeo mboga haina chumvi."

Mume wangu kanigeukia. "Baba anasema mboga haina chumvi."

"Mwambie Baba daktari ndiye aliyeitoa."

"Baba, anasema daktari..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Jumapili, 30 Machi

Vilevile. Mume wangu kasema amekuwa posta, na kwamba posta hulipwa.

Baba kapanga begi lake. Liko mlangoni mwa chumba chake, limefungwa kamba. Kamwambia mwanawe kwamba barabara ikiisha anahamia kwa binti yake, kwa sababu huko hakuna wakuu wa kazi. Nilikuwa jikoni, nikasikia, nikaosha sufuria moja kwa muda mrefu sana.

Nimemzoea yule mzee. Mama mkwe alipokufa alikuja na begi hilo hilo, na mwaka wa kwanza hakulifungua lote. Sasa lote limo humo tena. Sitaki aondoke, na sitaki barabara izame, na sijutii nilichokisema shimoni. Yote matatu yamo ndani yangu na hayapishani.

Jumatatu, 31 Machi

Tunachimba. Mabakuli yote yalikuwa yamejaa, hakusahau hata moja. Mtu makini.

Jumanne, 1 Aprili

Mwamba umefagiwa upya. Fundi wa nyundo ya upepo anachonga upya michirizi: bakuli kwa bakuli, kila moja linamwaga kwa jirani yake, na la mwisho linamwaga kwenye mtaro wa kukinga maji. Nilimwaga ndoo ya maji juu kabisa kujaribu. Yalisita kwenye bakuli la kwanza, yakajaa, yakapata njia, yakashuka hivyo mpaka mtaroni. Wachimbaji walipiga makofi. Nami nilijipigia.

Alhamisi, 3 Aprili

Kokoto safi zimeingia. Nimesimama hapo hapo mpaka ya mwisho ilipoingia, na simu nimeizima, hata Mama akitaka jicho la tatu atasubiri.

Kifusi cha juu kimeanza kurudishwa, na hapo nikapata shida nyingine. Dereva mpya wa rola anaendesha kama anafukuzwa na polisi. Pale kwenye ngazi za mwamba, kifusi kinapoongezeka unene, kila tabaka linataka mkono wa mtu anayesikia ardhi kwa makalio. Yeye anasikiliza redio.

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Leo nikamwambia namtaka Pasi.

"Yule aliyetuharibia?"

"Aliharibu kilicho chini yake kwa sababu hakuwa na kokoto. Kushindilia hakuwahi kukosea maishani mwake. Hapa duniani sina mwingine wa kufanya kazi hiyo, na wewe huna."

"Ni mkweo, ndiyo maana."

"Kazini ni dereva wa rola. Mkwe ni nyumbani, na kama ungejua hali ya nyumbani usingesema nampendelea."

Akanikazia macho. Kisha, bila kupenda, akacheka. Meno yale tena.

Ijumaa, 4 Aprili

Baba amerudi kwenye rola. Nilimsogelea asubuhi, nikasimama chini ya ngazi ya mtambo.

"Shikamoo, Baba."

Akajifanya anafuta usukani. Wachimbaji wote wameacha kuchimba. Lakini shikamoo haina njia ya kuikwepa, hata kwa mtu aliyenuna wiki nzima.

"Marahaba," alisema. Hakuongeza "mwanangu." Akawasha mtambo.

Alifanya kazi siku nzima. Alishuka mara kwa mara, akapiga goti, akapapasa maungio kwa kiganja, akapanda tena. Tabaka hadi tabaka. Sikumwelekeza hata neno, halikuhitajika. Nilikwenda kusimama mbali kidogo, ili asinione nikimwangalia.

Jumapili, 6 Aprili

Begi bado liko mlangoni. Nimelisogeza kwa mguu nikipita. Zito.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ilianza usiku, na haikuwa ya kuomba ruhusa. Niliamka alfajiri nikasikia mlango wa nyuma ukifungwa. Chumba cha Baba kilikuwa wazi. Nilishtuka, nikatazama sakafuni: begi lilikuwepo. Koti lake la mvua ndilo halikuwepo. Nikajua alikokwenda, nikavaa langu.

Nilimkuta kwenye mteremko, upande wa bondeni, amechuchumaa mbele ya mdomo wa bomba, kofia imelowa imemkaa kichwani kama jani. Juu yetu mlima ulikuwa unachuruzika kote. Niliogopa kuangalia, nami si mtu wa kuogopa. Kisha nikaangalia.

Bomba lilikuwa linatoa maji. Mwanzo yalikuwa mekundu, yanabeba mabaki ya udongo wake mzuri. Halafu yakawa maangavu, manene kama mkono wangu, yanaruka kutoka mdomoni na kwenda zao bondeni. Yule buibui amepoteza nyumba. Nikapanda juu, nikakanyaga kwa kisigino pale palipokuwa panapumua, nikaruka ruka kama mwehu. Pagumu. Nikashuka tena.

Baba aliingiza kiganja kwenye maji, akakiacha humo. Bila kunitazama akasema, "Mwambie mkeo maji yanatoka."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mume wangu. Hapakuwa na mtu yeyote ila sisi wawili na mvua. Nikaanza kucheka, nikajitahidi kujizuia kwa heshima, ikashindikana. Naye mabega yakaanza kumtikisika, na nilipomtazama vizuri alikuwa anacheka na kulia pamoja, maji ya mvua yakimsaidia kuficha.

"Yanatoka, Baba," nilisema. "Nimeambiwa."

"Mimi nilitaka ukirudi ukute kila kitu kimenyooka."

"Najua. Ndiyo maana nilitaka kukasirika nikashindwa."

Akakung'uta mkono. "Ulinifukua vibaya."

"Nilikufukua vibaya. Na ningekufukua tena."

"Najua," akasema. "Ndicho kilichoniudhi." Akanipa mkono nimwinue, magoti yake yamechoka na baridi. Tulipopanda barabarani aligeuka akayaangalia maji mara moja tena. "Twende, mwanangu. Tutachelewa kazini."

Jumatano, 9 Aprili

Bwana Leo kaja na kioo kimeshushwa. Kaona bomba linavyomwaga, kauliza mbona barabara yangu ina maji mengi hivyo. Nimemweleza. Sina hakika kama ameelewa, ila mafundi wa tabaka la kokoto wanaanza kesho na Pasi ndiye atakayeshindilia.

Jioni mume wangu alijiweka katikati yetu kama kawaida, tayari kwa kazi ya posta. Baba akainama mezani, akachungulia mbele yake, akanitazama usoni.

"Mwanangu, mboga hii haina chumvi. Nipe chumvi."

Begi halipo mlangoni. Nilitazama nilipokuwa naleta sahani.

"Sikupi, Baba," nikamwambia.

Akala yote.